Mfereji wa bafu unapiga shoti, na fundi amechomoa waya wa erthi

Msomaji wa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, mwenye nyumba ya wageni ya vyumba vitatu, ameniandikia hivi: "Assalamu alaykum fundi. Kila chumba changu kina boila ya umeme ya lita 50, kilowati 2. Mwezi uliopita ELCB ilianza kujikata kila boila ya chumba cha pili ikiwashwa. Fundi akasema ELCB ni mbovu, akafungua mfuniko wa boila akachomoa waya wa kijani na manjano. Kweli ikaacha kukata. Sasa wageni wa chumba hicho wanasema wakishika mfereji wanahisi vijisindano. Fundi wa pili anataka ninunue boila mpya zote tatu na breka za 32 badala ya 16. Mwanangu kaniwekea video ya boila kwenye simu, waya chungu nzima, sikuambulia kitu. Nifanye nini? Na boila inajiwashaje na kujizimaje?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Kabla hujasoma zaidi, inuka ukazime boila ya chumba cha pili. Zima swichi yake ya ukutani, shusha na breka yake kwenye boksi la umeme, ubandike karatasi isomeke "Usiwashe". Mgeni ataoga maji ya baridi siku mbili tatu na utamwomba radhi. Mengine yote yanangoja.

ELCB yako, ile swichi ya kwenye boksi inayokata umeme ukivuja, haikuwa mbovu. Ndani yake mna pete ya chuma, na laivu na nyutro zote mbili zinapita katikati ya pete hiyo. Umeme unaokwenda kwenye boila kwa laivu lazima urudi wote kwa nyutro: zikienda ampea 9, zirudi ampea 9. Ikiwa sehemu yake imevujia kwenye bodi la tangi ikashuka ardhini kwa waya wa erthi, ule wa kijani na manjano, pete inaihisi tofauti hiyo na swichi inaruka. Za majumbani huandikwa 30 mA, maana yake mvujo wa miliampea 30, yaani sehemu 30 za elfu za ampea moja, unatosha kukata. Yako ilikata kwa sababu boila ya chumba cha pili ilikuwa inavuja umeme kweli.

Fundi alipochomoa erthi, mvujo haukuondoka, ulikosa njia tu. Bodi la tangi likabaki na umeme, na maji, na hosi ya chuma, na mfereji. ELCB ikaona kinachokwenda na kinachorudi viko sawa, ikatulia. Ikatulia mpaka aingie mtu aliyelowa, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, ashike mfereji. Hapo yeye ndiye waya wa erthi. Mtu huanza kuhisi umeme kwenye miliampea 1 hivi. Ikifika 10 au zaidi, misuli ya kiganja hukaza, akashindwa kuachia alichoshika. Na ELCB inasubiri 30. Basi pana nafasi hapo katikati ya mgeni kung'ang'ania mfereji wako na hakuna kitu kinachokata. Ndiyo maana nimekuomba uzime kwanza.

Tena usidanganyike na kile kitufe cha kujaribia kilichoandikwa "T". Kibonyeze kila mwezi, ni vizuri, lakini kinajaribu ELCB yenyewe tu. Kinafanya kazi hata kama nyumba nzima haina erthi. ELCB ikiruka ukibonyeza, umejua kuwa haijaganda, basi. Hujajua kama erthi ipo.

Nije kwenye swali lako la mwisho, maana ukilielewa hili hakuna fundi atakayekuzungusha. Ile video ya mwanao, kwa unavyoieleza, ni ya boila za Uingereza. Sisi neno boila tumelipa tangi la maji ya kuogea, wengine wanaliita hita, na ni kitu kimoja. Kule boila ni mtambo wa gesi unaopasha nyumba nzima: pampu inasukuma maji ya moto yakazunguke kwenye mabamba ya chuma yaliyofungwa ukutani kila chumba. Moto ni wa gesi, na umeme unaendesha feni, pampu na kadi ya elektroniki tu, kwa hiyo wanaifunga kwa fyuzi ya ampea 3. Zile waya nyingi ni za kupeana habari. Laivu moja ina umeme muda wote, na ya pili inapata umeme pale tu thamostati ya ukutani, yaani swichi inayofuata joto, inapoona chumba kimepoa. Katika nyumba nyingi thamostati hiyo inafungua kwanza valvu yenye mota. Valvu ikishafunguka, swichi ndogo iliyomo ndani yake inabana, na waya wa rangi ya chungwa unaipelekea boila umeme: njia iko wazi, waka. Ni mpango mzuri, kwa sababu boila haiwaki wakati maji hayana pa kupita.

Kwetu hakuna chumba cha kupasha, kwa hiyo mlolongo ni mfupi. Umeme unatoka kwenye breka unakuja kwenye swichi kubwa yenye taa nyekundu, ambayo isimame nje ya bafu na iwe ya kukata laivu na nyutro kwa pamoja. Kutoka hapo waya unaingia chini ya mfuniko wa plastiki wa boila. Unakutana na kikata joto cha usalama, kisha thamostati, kisha koili, yaani kile chuma kinachopasha maji. Nyutro inarudi ilikotoka. Erthi inafungwa kwa nati kwenye bodi la tangi. Ni hayo tu.

Thamostati, katika nyingi ya boila hizi, ni kijiti kirefu cha shaba nyeupe kilichozama ndani ya tangi, na ndani ya kijiti mna ufito wa madini mengine ambayo hayarefuki kwa joto. Maji yakipata moto shaba inarefuka, ufito unabaki vilevile, tofauti ile inavuta swichi ikafunguka. Maji yakipoa digrii kadhaa inafunga tena. Taa ndogo ya boila imeungwa pamoja na koili: ikiwaka, koili ina umeme, na ikizimika, thamostati imekata kwa kuwa maji tayari. Nimeitwa zaidi ya mara moja kutengeneza boila nzima kwa sababu "taa imekufa".

Kikata joto ni kazi nyingine. Thamostati ikiganda isikate, maji yakapanda mpaka digrii 85 au 90 hivi, kikata joto kinaruka na hakirudi chenyewe mpaka mtu afungue mfuniko abonyeze kitufe, ambacho mara nyingi ni chekundu. Kikiruka mara moja, kibonyezwe na sababu itafutwe. Kikiruka tena, thamostati ibadilishwe, kisibonyezwe mara ya tatu. Wapo mafundi wanaokiruka, wanaunga waya pembeni yake maji yaendelee kupata moto. Hili, dada yangu, ni kosa la kuua watu. Tangi lako limefungwa, na valvu yake ya usalama kwa kawaida hufunguka kwenye shinikizo la bari 8. Kwenye shinikizo hilo maji hayachemki mpaka yapite digrii 170. Tangi likipasuka maji yakiwa hivyo, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na lita moja tu ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Ukuta hausimami.

Na kwa kuwa nimeitaja valvu: ile inayodondosha matone chini ya boila wakati inapasha haijaharibika. Maji ya lita 50 yakitoka digrii 27 kwenda 60 yanavimba kwa zaidi ya nusu lita, na nusu lita hiyo lazima ipate pa kutokea. Ifungie mpira mdogo upeleke matone nje. Usimruhusu mtu kuiziba.

Sasa kwa nini koili ivuje? Kwa Jambiani jibu langu la kwanza ni maji ya kisima. Kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe kinatoa maji yenye chokaa nyingi, na karibu na pwani yanakuwa na munyu juu yake. Chokaa inaganda kwenye koili kama ukoko wa wali chini ya sufuria. Kuna koili niliitoa kwenye boila ya upande huohuo wa pwani, ikatoka kama tawi la marijani: nyeupe, nene kuliko dole gumba, na ilipogongwa kwa mpini wa bisibisi ukoko ukamomonyoka vipande vipande. Chini ya ukoko bomba la shaba lilikuwa limebadilika rangi, na penye kona palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, pembezoni pana kijani cha kutu. Ufa ule ndio uliokuwa unavuja. Koili iliyofunikwa na ukoko haipozwi na maji, inajichoma yenyewe mpaka ganda lake linapasuka. Maji ya munyu yakiingia ndani yanaugusa waya wa moto, na maji ya munyu yanapitisha umeme vizuri sana.

Tangi lina mlinzi wake pia, kijiti cha magnesiamu kinachoitwa anodi, kilichofungwa karibu na koili. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ukifungua ukakuta kimebaki waya mtupu, ujue kutu imeshaanza kula tangi lenyewe. Kwa maji yenu ningekiangalia kila miezi sita, siku hiyohiyo ya kukwangua ukoko.

Kwa hiyo hununui boila tatu. Unabadilisha koili moja, na washa yake, na anodi, na tangi linasafishwa. Ukipata boila yenye koili kavu, ambayo koili inakaa ndani ya mfuko wa chuma uliopakwa enameli isigusane na maji kabisa, kwa maji ya Jambiani ninaipendelea, ila hiyo ni kwa siku tangi litakapochakaa. Bora zaidi ni kuvuna maji ya mvua ya masika kwenye tangi la juu kwa ajili ya mabafu, kama paa lako linaruhusu.

Habari ya breka za 32 ikatae moja kwa moja. Boila ya kilowati 2 inakula ampea 8.7, na breka ya 16 inaitosha na kubaki. Breka inalinda waya, na waya uliomo ukutani kwa boila kama yako kwa kawaida ni wa milimita 2.5. Ukiuwekea breka ya 32 umeuruhusu upate moto ndani ya bomba lake mpaka plastiki iyeyuke kabla breka haijashuka. Na ugonjwa wako haukuwa wa breka tangu mwanzo.

Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu ndipo nyumba nyingi za pwani ya mashariki zinapoponzwa. Upande wenu ni maweni. Hata mkulima anapanda kwenye vishimo vya udongo vilivyo baina ya mawe. Fundi akija na fimbo ya erthi anaigonga, inaingia futi moja, inagoma, anaikata kwa msumeno na kufukia kilichobaki. Kwa macho erthi ipo. Ukiipima kwa kipimo chake, inasoma omu 100, wakati wa kiangazi zaidi. Omu ni kipimo cha ugumu wa umeme kupita, zikiwa chache ndiyo bora. Piga hesabu nami: volti 230 kugawa kwa omu 100 ni ampea 2.3. Yaani hata laivu ikigusa bodi la tangi moja kwa moja, kinachopita ardhini ni ampea 2.3, na breka ya 16 haitajua kuwa kuna jambo. Hata ukibahatika kupata omu 10, ni ampea 23, na breka ya 16 itachukua dakika nyingi kuamua. Tangi linakaa na umeme muda wote huo.

Lakini ukiwa na ELCB, hesabu inageuka. Inakata kwenye miliampea 30, na miliampea 30 kwenye omu 100 ni volti 3. Mvujo unapoanza kukua, bodi la tangi halijapanda zaidi ya volti 3 na umeme umeshakatika. Volti 3 hakuna anayezisikia. Ndiyo kusema kwenye maweni erthi peke yake haikulindi na ELCB peke yake inangoja mwili wa mtu. Zinafanya kazi zikiwa mbili. Ndiyo maana kitendo cha kuchomoa waya ule mmoja kimeniuma nilipokusoma.

Erthi yako ipimwe, na ikizidi omu 200 isikubaliwe. Kuitengeneza kwenye mawe kunataka kazi: toboa shimo refu kwa mashine, usimamishe fimbo, ujaze pembeni udongo wa mfinyanzi uliokandwa na maji. Au chimba mtaro wa nusu mita kwenda chini popote penye udongo, ulaze waya mtupu wa shaba mita kadhaa. Au fimbo mbili tatu zilizoachana kwa urefu wa fimbo moja, zikaungwa pamoja. Penye mgomba au pengine panapobaki na unyevu ndipo pazuri. Wengine wanamwaga chumvi shimoni. Inasaidia kwa muda, kisha inakula fimbo, sikushauri. Mabomba ya chuma ya bafuni nayo yafungwe kwenye erthi kwa waya wa milimita 4.

Kama nyumba ni ya zamani, mwambie fundi aangalie rangi kwa makini. Waya za zamani zilikuwa nyekundu laivu, nyeusi nyutro, kijani erthi. Za sasa ni kahawia laivu, buluu nyutro, kijani na manjano erthi. Na nyeusi kwenye kebo mpya ya fezi tatu ni laivu! Asiamini rangi, apime.

Jambo jingine ni jenereta. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa karibu miezi mitatu bila umeme wa gridi, na nyumba nyingi zikajifunza kuishi na jenereta. Zipo mpaka leo nyuma ya nyumba za wageni. Jenereta ndogo ambayo nyutro yake haijafungwa kwenye erthi inaweza kuifanya ELCB isikate kabisa hata mvujo ukiwepo. Kama unayo, fundi aifunge kabla boila hazijawashwa juu yake, au boila zizimwe jenereta ikiwaka.

Kuhusu matumizi hukuniuliza, ila najua linakuja. Thamostati iweke kwenye digrii 60. Chini ya hapo, hasa kati ya 20 na 45, ndipo vijidudu vya legionela vinavyoingia mapafuni na vijitone vya maji ya bafu vinapozaliana, na juu ya hapo unaongeza chokaa na kumuunguza mgeni. Lita 50 kutoka digrii 27 hadi 60 ni karibu yuniti 1.9 kwenye mita yako ya Tukuza, na kazi ya saa moja. Ukiyachanganya na maji ya baridi, mgeni anapata zaidi ya lita 100 za maji ya kuogea. Ukiwa mwisho wa laini na jioni volti zikashuka mpaka 190, koili ya wati 2,000 inabaki na nguvu ya wati 1,365 hivi, na saa moja inakuwa saa moja na dakika 25. Boila haina kosa hapo. Iwashe mapema kidogo, hasa wakati wa kipupwe wageni wanapoyataka maji ya moto kweli.

Sasa fundi atakayekuja, na nakuomba awe mwenye leseni na mwenye mega, yaani kipimo kinachotafuta mvujo kwa volti nyingi, si testa ya bisibisi peke yake. Azime, ahakikishe hakuna umeme, achomoe waya za koili ya chumba cha pili apime. Baina ya ncha mbili za koili asome omu 26 hivi, hiyo ndiyo koili ya kilowati 2 iliyo nzima. Kisha kati ya ncha moja na bodi la tangi apime kwa mega ya volti 500. Ikiwa chini ya megaomu 1, yaani omu milioni moja, koili haifai hata kama bado inapasha. Maltimita ya kawaida inaweza kuonyesha kuwa hakuna mvujo wakati upo, kwa sababu inapima kwa volti chache. Na mvujo mwingine unatokea koili ikiwa ya moto tu, kwa hiyo apime ya baridi, na kama iko sawa aipashe, azime, apime tena. Vipimo hivyohivyo avifanye kwenye boila ya chumba cha kwanza na cha tatu, maana zinakunywa maji ya kisima kimoja. Boila isiwashwe mpaka tangi lijae na mfereji wa moto utoe maji bila hewa, la sivyo koili mpya itaungua siku ya kwanza.

Waya wa erthi urudi kwenye nati yake. Kama pesa inaruhusu, kila boila iwe na breka yenye ELCB ndani yake, ili chumba kimoja kikiharibika nyumba nzima isiingie giza na mtu asipate tena kisingizio cha kuchomoa waya.

Akimaliza, niandikie namba tatu: omu za erthi, megaomu za kila koili, na miaka ya boila zenyewe. Kwa hizo nitakwambia kama za chumba cha kwanza na cha tatu zimebaki na maisha au la.